Klarineti inapiga mluzi nikivuka

Shikamoo mwalimu. Nafanya mazoezi kwa kitabu cha Klosé cha kujifunzia klarineti. Nikitoka noti ya A kwenda B ya katikati, klarineti inapiga mluzi. Niruke zoezi hilo?
— Mpiga bendi, Morogoro

Marahaba. Usiruke! Klosé alichapisha kitabu hicho Paris mwaka 1843, na yale mazoezi yake mafupi ya kurudiarudia nayathamini kuliko nyimbo zake zote. Ukiwa kwenye A, ziba mapema matundu ya mkono wa kulia. Sauti haiharibiki, na hapo mkono wa kushoto tu ndio utakaosogea. Kagua kidole cha pete, mara nyingi ndicho kinachoacha upenyo. Weka metronomi, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti hizo mbili tu, kwenda na kurudi, pumzi isipungue. Wanafunzi wangu hawafungui ukurasa unaofuata mpaka zitoke safi.