Jeli ya mimea kwenye kidonda cha kisukari

SWALI: Mama yangu ana kisukari, na kidonda chake cha unyayoni kina miezi minne hakifungi. Nasikia kuna bandeji za haidrojeli zitokanazo na mimea. Zinaponya? Na kama ni mimea tu, kwa nini nisimpake mshubiri?

JIBU: Haidrojeli ni wavu wa molekuli ndefu ulioshika maji mengi. Molekuli hizo huweza kutoka kwenye selulosi ya miti na pamba, au pektini ya maganda ya matunda. Matangazo husifu mimea, lakini kazi kubwa hufanywa na unyevu. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa kutumia nguruwe, kwamba jeraha linalotunzwa na unyevu huota ngozi upesi kuliko linaloachwa likauke na kufanya gaga. Jeli pia hulainisha nyama iliyokufa, mwili ukaiondoa wenyewe.

Kwa hiyo inafaa kidonda kikavu au chenye majimaji machache. Kikivuja sana, jeli italowesha ngozi ya pembeni mpaka iwe nyeupe na kuchubuka. Hapo hutafutwa bandeji ya kufyonza, kwa mfano ya alginati ya mwani. Vidole vilivyokufa vikawa vyeusi na vikavu msivilowanishe kabisa kabla daktari hajapima mishipa ya damu.

Je, inaponya? Uchambuzi wa 2013 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, uliona dalili kwamba inasaidia vidonda vya mguu visivyo na kina kuliko bandeji za kawaida, ila tafiti zenyewe hazikuwa imara.

Mshubiri wa kukwangua, hapana. Jeli ya hospitali imetakaswa vijidudu, jani la bustanini halijatakaswa, na mgonjwa wa kisukari hupambana na maambukizi kwa shida.

Ila swali ambalo ningependa ungeniuliza ni hili: mama anakanyagia nini? Kisukari kikishaua hisia za mguu, mtu hutembea juu ya kidonda bila kuumia, na kila hatua inabomoa kilichoota. Hakuna jeli inayoshinda uzito wa mwili. Kama damu inafika vizuri na hakuna maambukizi, mwombe daktari plasta ngumu ya mguu, kama ile ya mfupa uliovunjika, au buti maalumu isiyovulika, inayoondoa mgandamizo hapo unyayoni. Miezi minne ni mingi: kidonda kikatwe nyama mfu, mapigo ya mguu yapimwe, ionekane kama mfupa umeguswa, na sukari idhibitiwe. Bandeji mtaichagua baada ya hayo. Akipata homa, harufu mbaya au wekundu unaopanda mguuni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.