Uliza Kocha: Foahendi za kina dada enzi za raketi ya mbao

SWALI: Shikamoo kocha. Naangaliaga klipu za zamani za tenisi za Chris Evert na Billie Jean King, wale mabingwa wa Marekani, naona foahendi zao (pigo la upande wa mkono unaoshika raketi) mkono unaenda mbele tu, hawazungushi raketi mpaka shingoni kama wa siku hizi. Mwanangu anasema walikuwa hawana nguvu. Ni kweli? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Mwambie mwanao sio kweli kabisa, na mi hili huwa linaniuma maana wanawake wale wanahukumiwa na watu ambao raketi ya mbao hawajawahi hata kuishika. Helen Wills wa Marekani kabeba Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza, mara 8 kati ya 1927 na 1938, alikuwa anafanya mazoezi na wanaume, na mpira wake ulikuwa mzito balaa. Nguvu ilikuwepo, ila njia yake ya kutoka ilikuwa nyingine.

Kwanza raketi yenyewe. Kichwa chake kilikuwa inchi za mraba 65 mpaka 70 hivi, leo watu wanacheza na 100, alafu uzito karibu gramu 400 wakati za sasa nyingi ni 300 na kidogo. Sasa ukijaribu kuukwangua mpira kutoka chini kwenda juu ili uzunguke, na kichwa kidogo vile, mpira unagonga fremu unaruka nje ya uwanja. Kwa hiyo walipiga bapa, yaani mpira unaenda moja kwa moja bila kuzungushwa, na uzito wa raketi ndo ulikuwa unafanya kazi.

Pili uwanja. Mpaka 1974 mashindano 3 kati ya yale 4 makubwa yalichezwa kwenye nyasi, mpira unadunda chini unateleza, ndo maana wengi walishika mpini kama wanampa mtu mkono, na wale wa kukimbilia wavuni kama King walikuwa na mshiko wa nyundo ambao huna haja ya kuubadilisha ukifika kwenye voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda. Tena kwa King foahendi wala haikuwa silaha kubwa, bekihendi (pigo la upande wa pili) na voli ndo zilikuwa zinaua.

Ila ukitaka kujifunza mtazame Evert, aliyefundishwa na baba yake kwenye viwanja vya udongo kule Fort Lauderdale. Simamisha klipu pale mpinzani anapopiga tu: bega limeshageuka, raketi iko nyuma tayari, mpira hata wavu haujavuka. Alafu mguu wa kushoto unaingia, anaukuta mpira mbele ya nyonga, na raketi inaendelea kuufuata kule ulikokwenda kama vile anataka kuushika tena, mkono unaishia juu mbele yake. Hana haraka. Foahendi hiyo na bekihendi yake ya mikono miwili zilimpa ushindi wa mechi 125 mfululizo kwenye udongo, 1973 mpaka 1979. Na fainali ya US Open, mashindano makubwa ya Marekani, 1978 alikutana na Pam Shriver, binti wa miaka 16 mwenye raketi ya Prince yenye kichwa kikubwa, Evert na mbao yake akashinda 7-5, 6-4. Hapo bado utasema hana nguvu?

SWALI: Kocha, marehemu babu aliacha raketi ya mbao. Naweza kuitumia mazoezini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Unaweza, na itakusaidia sana maana ukichelewa au usipoupiga katikati mkono utakwambia hapohapo. Ila kwanza iweke mezani uone kama imepinda, mbao ikikaa kwenye unyevu inapinda, ndo maana zamani zilibanwa na ile fremu yenye skrubu pembeni. Kagua nyufa shingoni mwa raketi, pale mpini unapokutana na kichwa. Nyuzi mpya usizikaze sana, pauni 50 au chini ya hapo, na usiweke zile ngumu za poliesta, zitaipasua. Anza na mipira ya taratibu robo saa tu, bega likizoea ongeza.