Mlima ukianza kutikisika, shika daftari

Julai 2007 nilikuwa nabeba mizigo ya watalii Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano kaskazini mwa Tanzania. Ardhi ikaanza kutikisika, leo mara mbili, kesho mara tano, mpaka tukazoea. Sufuria zinagongana jikoni, unashikilia kikombe chai isimwagike, kisha mnaendelea na hadithi. Tarehe 17 jioni likaja tetemeko kubwa, la kipimo cha 5.9, hadi Nairobi watu wakakimbia nje ya maghorofa.

Baadaye akaja mtaalamu. "Lile la juzi usiku lilipita saa ngapi?"

"Usiku usiku, mzee."

"Kabla ya jogoo au baada?"

Nikakuna kichwa. Miaka yote hiyo nalala chini ya mlima, sina hata saa moja ya kumpa.

Siku hiyohiyo nikanunua kaunta buku. Andika tarehe, saa, ulikuwa umelala au unatembea, na kitu gani kilitikisika. "Kubwa sana" haimsaidii mtu; "ndoo ya maji imemwagika" inasaidia. Picha ya mlima piga ukiwa umesimama palepale kila asubuhi kabla ya mawingu. Mimi nilisimama kwenye mgunga mmoja. Siku isiyo na kitu andika "hakuna", usiiache tupu.

Sasa kosa langu. Mitetemo ilipopungua Agosti, nikafunga daftari. Wataalamu walikuja kueleza kwamba magma, yaani miamba iliyoyeyuka, ilijipenyeza chini kwa chini upande wa Gelai, mlima jirani, bila kutokeza juu. Sisi macho yetu yote kwenye Lengai, ukatulia, tukatulia nao. Tarehe 4 Septemba ukarusha majivu juu angani, na mlipuko ule uliendelea hadi mwaka uliofuata. Daftari langu halina ukurasa hata mmoja wa wiki zilizotangulia, yaani zile hasa walizokuwa wakiziuliza.

Majivu yakianza, funika maji kwanza, kisha ondoa mifugo upande unakoelekea upepo, maana majivu ya Lengai yana magadi na yanaharibu malisho. Na lava yake ya kawaida isikudanganye: ni nyeusi kama tope, mchana haing'ai, lakini ina joto la nyuzi 500 na zaidi. Kuna mgeni alitaka kuichokoa kwa fimbo!

Tangu 2016 kuna vipimo vya GPS huko, vinavyoona ardhi ikivimba hata kidogo sana. Tafadhali, usifungie mbuzi pale. Lakini kipimo hakinusi harufu wala hakisikii mngurumo, kwa hiyo daftari ninalo bado, na likijaa habari mfululizo nampelekea mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuweka chochote kwenye WhatsApp.

Mteja akigomba kwa kuahirishiwa safari, namkabidhi alisome. Mmoja alilisoma lote akiwa amesimama, akarudisha begi lake kwenye gari.