Fundi Anajibu: Kompyuta tatu mbovu, itoke moja nzima

*Fundi, assalaam aleikum. Mimi mwalimu mstaafu, niko Wete. Skuli moja huku ilipokuwa ikisafisha stoo niliomba sipiyu tatu zilizokuwa zinatupwa. Mbili zina kibandiko cha Pentium III, ya tatu kongwe zaidi, 486. Nataka nizichanganye nipate moja yenye Windows 98 na tundu la flopi, maana daftari za usajili za klabu yetu ya mpira zimo kwenye flopi na wazee wanabishana kila siku barazani. Mwanangu anasema nizichomeke tu kwenye umeme nione ipi itawaka. Nifanye hivyo?*

Waaleikum salaam Mwalimu, na shikamoo. Mwambie mwanao angoje. Kompyuta iliyolala stoo kwa miaka katika hewa ya chumvi, mara nyingi kinachoimaliza si uzee, ni umeme wa siku ya kwanza.

Geuza kasha utazame mgongoni. Pawa saplai nyingi za wakati ule zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Zilizotumika Marekani hufika zikiwa kwenye 115, na umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka hivyo utasikia mlio, kisha harufu. Ikiwa hivyo, isukume swichi kwa bisibisi ifike 230. Halafu mulika tochi kwenye matundu ya feni. Mjusi kafiri hupenda mno kutaga humo. Juzi hapa dukani kwangu Darajani nimetoa maganda ya mayai, na mjusi mwenyewe kakaukia juu ya bodi, mkia huku, kichwa kule. Ukikuta mambo hayo, tumia saplai nyingine. Usiifungue mwenyewe, kwani kapasita kubwa za ndani (vile vikopo vya kuhifadhi umeme) huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya.

Kwenye bodi kuu ya kompyuta, zitazame kapasita zilizosimama karibu na prosesa. Vichwa vyake viwe bapa. Iliyovimba au iliyotoa uchafu wa kahawia juu, imekwisha. Bodi nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani na kapasita mbovu, kwa hiyo usisingizie joto la Pemba. Fundi redio atakubadilishia: maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na ziwe za kuhimili nyuzi 105.

Ile 486 naihofia betri yake. Bodi nyingi za rika lake zina kipipa kidogo kilicholehemewa, na kikivuja, majimaji yake hula njia za shaba. Kikate, sugua ule utandu wa kijani kwa mswaki wenye siki, suuza kwa maji safi, pitisha spiriti, anika mpaka ikauke kabisa. Lakini nikwambie kweli, mimi ningeifanya skrepa tu, nichukue kiendeshaji chake cha flopi. Saplai yake haiingiliani na za Pentium III, na plagi zake mbili za bodi ukizipachika kinyume, bodi imekwenda. Ukishikilia kuiwasha, waya nyeusi zikutane katikati.

Kuunga, anzia nje ya kasha, juu ya kadibodi: bodi, saplai, prosesa na feni yake, ramu moja, kadi ya picha na kispika. Basi. Meno ya ramu yafute kwa kifutio cha penseli, kisha kitambaa chenye spiriti. Bodi nyingi ninazoletewa kuwa zimekufa hufufukia hapo. Gusanisha kwa bisibisi zile pini mbili za bodi zinazopachikwa waya wa swichi ya kuwashia. Ikilia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, na BIOS (programu ya kuwashia iliyomo kwenye bodi) ni ya kampuni ya Award, inalalamikia kadi ya picha. Feni ikizunguka bila mlio wowote, jaribu ramu nyingine kwanza. Wala usijaze ramu za mashine zote. Windows 98 ikipita MB 512 huanza vituko. 128 inakutosha na kusaza. Betri ya saa ni CR2032, hiyo utaipata hata hapo Wete.

Sasa flopi, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Telezesha kile kilango, zungusha kitovu kwa kidole, utazame sahani nyeusi kwenye mwanga. Madoa meupe ni ukungu. Flopi ya hivyo usiitie, itachafua kichwa cha kusomea, na kichwa kitazikwaruza zinazofuata. Ifute taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke. Kile kibao cha pembeni kisukume mpaka tundu liwe wazi, isije ikaandikwa juu yake. Kama shida ni daftari tu, kuna viendeshaji vya flopi vya kuchomeka kwenye yuesibi ya laptop ya mwanao. Ila naona Mwalimu unataka kuunda, na wa kukulaumu si mimi.

*Nina monita ya chogo, inawaka kisha inazima. Niifungue nisafishe vumbi? Msomaji, Mwanakwerekwe.*

Hapana, ndugu yangu. Kioo cha chogo huhifadhi volti maelfu hata ikiwa imezimwa. Tafuta monita bapa yenye tundu la VGA, lile la pini 15. Hata televisheni nyingi bapa za miaka iliyopita zinalo nyuma. Hiyo ya chogo mpelekee fundi wa televisheni wa zamani, wanajua pa kuigusa.