Bawaba, komeo na skrubu za madirisha ya kale: kwa mafundi wanaoanza Mji Mkongwe

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya kutengeneza madirisha ya zamani hapa Unguja, leo nataka tuongee vyuma tu. Mbao mtu anajifunza haraka, kila fundi atakuonesha mvule na msaji na namna ya kuunga fremu, lakini bawaba na komeo na skrubu tunazichukulia kama kitu cha kupitia dukani jioni tukirudi nyumbani, na hapo ndo kazi inapoharibika. Mimi nina mwaka wa 19 kwenye kazi hii, na madirisha mengi niliyoitwa kuyarudia mbao zilikuwa nzima kabisa, chuma ndo kilichoziua.

Nilipokuwa mgeni kama nyinyi nilipewa madirisha manne ya nyumba moja Shangani, inaangalia bahari. Bawaba zake za zamani zilikuwa zimejaa rangi tabaka juu ya tabaka, huoni hata pini, nikaona taka nikazing'oa nikazitupa. Nikaenda dukani nikachukua bawaba za njano zinang'aa, muuzaji kanambia brasi hizo, yaani shaba ya njano, nikafunga, kazi ikapendeza, nikalipwa changu. Mwaka haujesha yule bibi mwenye nyumba akanipigia simu, "mwanangu, njoo uangalie kazi yako". Nikafika nikamwamkia, wala hakunigombeza, kanipeleka mpaka dirishani akanionesha kwa kidole. Kwenye kila skrubu ulikuwa umeshuka mstari wa kutu juu ya rangi nyeupe mpaka kizingitini, na ile njano ya bawaba ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu, chini yake chuma kitupu. Nikazirudia zote nane kwa pesa yangu. Alafu bawaba moja ya zamani ilikuwa imebaki kwenye sanduku langu la zana, siku hiyo ndo nikaikwangua kwa kisu, ikatoka brasi tupu, nene karibu milimita 4, ya kumiminwa kwenye kalibu, pini haina hata mchezo. Nyengine kama ile sijaipata dukani mpaka leo.

Kwa iyo kitu cha mwanzo usitupe. Hata ikiwa chafu vipi, hata ikiwa imevunjika, kila chuma unachokitoa kitie kwenye kopo na uandike juu yake chumba gani, dirisha gani, upande gani, mana bawaba za zamani zimeshazoeana na fremu yake, matundu yake hayalingani na ya bawaba za leo, na ukichanganya ya kushoto na kulia utakuja kutoboa upya mbao ambayo imeshatobolewa mara tatu. Kwenye kumi nnazozing'oa, nyingi zinarudi kazini baada ya kusafishwa tu.

Kusafisha nako kuna namna yake. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, usizipige msasa mkavu ukavuta vumbi lake, na usifanyie kazi hiyo nyumbani kwako palipo na watoto. Chemsha bawaba kwenye sufuria kuukuu yenye maji na sabuni ya unga, sufuria ambayo haitopikiwa tena maisha, rangi italainika uikwangue ikiwa bado majimaji. Chuma chenye kutu kiloweke kwenye siki usiku mmoja, asubuhi kisugue kwa brashi ya waya, kisuuze maji ya magadi alafu maji matamu, kikaushe juani kisha hapo hapo kipake praima, ile rangi ya mwanzo ya kuzuia kutu, au mafuta, usikiache kulala kitupu, hewa ya hapa kesho utakikuta chekundu tena. Brasi isugue kwa ukwaju kama bibi zetu walivyokuwa wakisugua sinia, suuza, basi. Usiiloweke kwenye siki wala ndimu ukaisahau, asidi inaila ile zinki iliyomo ndani yake na brasi inageuka rangi ya waridi, ukiona hivyo ujue ngozi ya juu imeshadhoofika.

Sasa ikibidi ununue. Tembea na sumaku mfukoni, yoyote hata ya spika mbovu. Iguse bawaba uliyoambiwa brasi, ikinasa hiyo ni chuma kilichopakwa njano, irudishe kwenye kaunta kwa adabu uondoke. Brasi ya kweli hainasi hata kidogo, na ukiipima kwa mkono ina uzito. Pini nayo iguse peke yake, mana kuna bawaba mabawa yake brasi na pini chuma, na pini ikioza bawaba yote imekwisha.

Stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, nayo sio moja, aina zake zinaitwa kwa namba. Ya 304 ndo imejaa madukani na ndani ya nyumba inafaa, lakini ukiifunga mbele ya bahari inatoa madoa ya hudhurungi kama chai iliyomwagika. Ya 316 imeongezwa molibdeni, inahimili chumvi vizuri zaidi. Sumaku haitokusaidia kuzitofautisha hizi mbili, angalia maandishi, boksi la skrubu au kichwa cha bolti kikiandikwa A2 hiyo ni jamii ya 304, kikiandikwa A4 ni 316. Bei ya A4 inauma, najua. Kwa nyumba inayotazama bahari mimi sikubali chini ya hapo, bora nikose kazi. Nyumba za ndani ndani kwenye vichochoro, Kiponda kule au Mkunazini, upepo wa chumvi unafika umepungua nguvu, hapo unaweza ukapima mfuko wa mteja.

Skrubu ndo wengi mnapoteleza. Umepata bawaba nzuri ya brasi alafu unaifunga na skrubu za chuma za kawaida kwa sababu zimo mfukoni. Madini mawili tofauti yakigusana kwenye unyevu wa chumvi yanafanya kama betri, na lile dhaifu ndo linaliwa, na hapa dhaifu ni skrubu, tena ni kijitu kidogo kinachoshindana na bawaba kubwa, inaliwa haraka kuliko ingekuwa peke yake. Bawaba itabaki inang'aa na dirisha litaning'inia. Bawaba ya brasi skrubu ya brasi, ya stenlesi skrubu ya stenlesi. Na mvule una asidi yake, chuma cha kawaida ukikipigilia kwenye mvule wenye unyevu mbao inapiga weusi pembeni ya msumari, doa hilo huliondoi kwa msasa.

Brasi ni laini, ukiisukuma kwa nguvu shingo inakatika na kichwa unabaki nacho mkononi. Toboa kwanza kwa drili, alafu ingiza skrubu ya chuma ya saizi ile ile ikutengenezee njia, itoe, ndo uingize ya brasi umeipaka nta ya mshumaa. Sio sabuni, sabuni inavuta maji. Kaza kwa mkono, drili iweke chini. Na mvule una kitu chengine, ndani yake mara nyengine mna jiwe, jiwe kweli kama chokaa, mti wenyewe umelitengeneza. Drili ikianza kulia na unga unaotoka ukageuka mweupe simama hapo hapo, umelikuta, toa taratibu kwa patasi kuukuu, ukilazimisha utapoteza ncha ya drili na skrubu pia.

Uzito usiukisie. Ubao mmoja wa dirisha wa mvule, tuseme upana sentimita 50, urefu mita moja na nusu, unene sentimita 4, ukiwa mtupu bila luva, vile vibao vya kupitisha hewa, unakaribia kilo 20. Huo unataka bawaba tatu, sio mbili, na ya tatu iweke karibu na ya juu, mana juu ndo panapovutwa. Kusi ikianza kuvuma dirisha lisilo na ndoana linapigwa ukutani mchana kutwa, na hakuna bawaba ya kuvumilia hayo, kwa iyo ndoana na tumbuu yake, kile kipete inachoingia, zihesabu kwenye bei yako tokea mwanzo, sio kitu cha kuongeza mwisho kama zawadi.

Utakutana pia na mabao ambayo hayana bawaba kabisa, yanazunguka kwenye vijino vya mbao juu na chini kama milango yetu ya kale. Tafadhali usiyafunge bawaba. Kijino kikilika unachonga chengine unakipachika, na tundu lake la chini unalisafisha mchanga. Vile vile mwenye nyumba akikwambia aluminiamu ya kusukuma ni rahisi, mweleze kwa upole kwamba Mji Mkongwe tokea 2000 umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tokea 1985 kwa kazi hiyo, dirisha la nje halibadilishwi bila ya ruhusa yao.

Nondo za dirisha zilizozama ukutani ziangalieni kwa makini, mana kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, inavimba ndani ya jiwe na ukuta unapasuka pembeni ya fremu. Usizibe ufa huo kwa saruji, inafungia unyevu na chumvi ndani na nondo inazidi kuoza. Safisha mpaka chuma kizima, paka praima, ziba kwa chokaa.

Ukimaliza yote funga dirisha zima likiwa bado halijapakwa rangi, lifungue na ulifunge mara ishirini, sikiliza linapogusa, alafu ulishushe tena, vyuma vyote nje, ndo upake rangi. Bawaba isionje brashi.