Vilele viwili si lazima iwe uchafu

Nilipoanza kazi hii ya kupima mwendo wa ioni (molekuli zenye chaji ya umeme) ndani ya gesi, nilimaliza karibu wiki nzima nikihangaika na asidi ya para-aminobenzoiki ambayo haikuwa na tatizo lolote. Kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima masi ya ioni kwa chaji yake, ilikaa palepale inapotakiwa, 138. Nikiipitisha kwanza kwenye mrija wa gesi, ambao hutenganisha ioni kwa muda wa kusafiri, vinatokea vilele viwili kwenye grafu. Nikaosha kila kinachooshika, nikatayarisha sampuli upya. Viwili tena.

Kumbe ni molekuli ileile. Baadhi zilibeba protoni kwenye naitrojeni, nyingine kwenye oksijeni. Masi haibadiliki hata kidogo, lakini chaji ikihama mahali, gesi nayo huikwamisha ioni kwa namna nyingine. Nilipoacha asetonitrili nikatumia methanoli na maji, kilele kirefu kikashuka, mwenzake akapanda. Uchafu hauna tabia hiyo. Kwa hiyo wewe anza na kubadili kiyeyusho. Kuosha mirija kutakuja baadaye.

Jambo la pili ni daftari lako. Usiandike milisekunde peke yake, maana muda wa kusafiri hufuata shinikizo, jotoridi, volteji na urefu wa mrija. Ugeuze uwe eneo la mgongano, yaani ukubwa wa ioni kama gesi inavyoigonga, na pembeni utaje gesi. Ioni moja hupata eneo dogo kwenye heli na kubwa zaidi kwenye naitrojeni. Nimeshaona mtu akilinganisha namba za gesi hizo mbili, akatangaza kwa furaha kwamba protini yake imekunjuka. Chaji nayo iangalie: ioni yenye chaji mbili huvutwa kwa nguvu maradufu, basi kuwahi kufika si ushahidi wa udogo. Kama mashine yako husukuma ioni kwa mawimbi, isawazishe kwanza kwa ioni ambazo maeneo yake yanajulikana.

Isoma (molekuli zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti) ambazo ni taswira za kioo usizisubiri zitengane. Kwa gesi ya kawaida hazitofautiani.

Protini ndizo zinazodanganya zaidi. Yubikwitini, protini ndogo, ikiwa na chaji 7 na ukaiingiza mrijani taratibu, nyingi hubaki zimejikunja. Ongeza volteji ya kuingilia, zinapata joto kwa kugongana na gesi, zinafunguka, na kilele kinahamia kwenye muda mrefu. Anza na volteji ya chini kabisa ambayo bado inakupa ishara, panda kidogokidogo, na kila hatua uihifadhi. Ukianzia juu, umbo lililojikunja unaweza usilione kabisa.