Mapenzi au utumishi?

SWALI: Ndugu mhariri, katika kikundi chetu cha kusoma hapa Kadutu, Bukavu, tulibishana: Utendi wa Mwana Kupona unasifu mapenzi, au unasifu utumishi wa mke tu?

JIBU: Dada mpendwa, utendi huo wa 1858 ni wosia wa Mwana Kupona, mama mgonjwa wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, kwa bintiye, na radhi tano anazomwagiza azitafute, yaani ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, zinaiweka ndoa ndani ya ibada, hata kumpepea mume aliyelala kukawa tendo la dini. Utii huo hunikera, sikufichi. Lakini penzi zito zaidi humo naliona kwa mama mwenyewe, anayemwita mwanawe aketi karibu naye, ashike wino na karatasi, ili yeye mama amweleze yaliyomo moyoni mwake.